Raia si kundi la kuswagwa: mkutano wa kijiji na amana ya madaraka

  

Msafiri atokaye Singida mjini kwenda Nzega na Mwanza hupita Iguguno. Hapo ndipo pia huchepuka barabara iendayo Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama. Kabla ya mwaka 2012 Mkalama haikuwa wilaya. Ilikuwa sehemu ya Iramba, na mtu wa Iguguno aliyekuwa na shida ya kiofisi alilazimika kuifuata Kiomboi. Wilaya ilipogawanywa tuliambiwa, na ni kweli, kwamba serikali inasogezwa karibu na wananchi. Leo tunayo wilaya yetu, tunaye mkuu wa wilaya wetu, na tunayo halmashauri yetu na mkurugenzi wake. Swali tunalotaka kuliweka mbele ya wasomaji wetu mwezi huu ni moja tu. Serikali imesogea karibu na mwananchi. Je, mwananchi naye amesogea karibu na serikali? Au bado yupo palepale alipokuwa babu yake, akingoja kuitwa, kuhesabiwa na kuamrishwa?

Tunauliza hivyo kwa sababu ya jambo tulilolishuhudia kwa macho yetu. Katika kijiji kimoja cha maeneo haya, ambacho hatuoni haja ya kukitaja, uliitishwa mkutano mkuu wa kijiji. Tangazo lilisema saa tatu asubuhi. Hadi kufikia saa sita walikuwa wamefika watu wasiozidi arobaini, wengi wao wazee na akina mama. Vijana walikuwa barabarani na pikipiki zao. Ajenda zikasomwa: usafi wa mazingira, mahudhurio ya watoto shuleni, na mchango wa kumalizia darasa. Hapo mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono. Akasema kwa adabu kwamba mwaka uliotangulia walichanga fedha za bati, bati hawajaziona, na wanaomba wasomewe zilivyotumika. Akajibiwa: "Mama, hayo ni mambo ya ofisi. Wewe leta mchango." Watu wakacheka. Yule mama akaketi, akajifunika vizuri mtandio wake, na hakusema neno tena hadi mkutano ulipofungwa.

Sisi hatumtuhumu mtu kwa wizi. Huenda bati zilinunuliwa na zipo stoo, na huenda stakabadhi zipo. Kilichotuumiza hasa ni kile kicheko. Jibu la mwenyekiti lilitoka kinywani mwa mtu mmoja, lakini kicheko kilitoka kwetu sisi, wenzake yule mama, ambao tulichanga kama yeye na hatukusomewa kama yeye. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza imekuwaje watu wazima, wenye akili zao na mashamba yao, wamcheke mwenzao kwa kuuliza habari za mali yao wenyewe.

Neno raia na neno boma

Tuanze na lugha, maana lugha huhifadhi mambo ambayo watu wameyasahau. Neno raia tumelitoa katika Kiarabu, na asili yake ni wale wachungwao, yaani kundi lililo chini ya mchunga. Nalo neno boma katika nchi yetu lina maana mbili. Boma ni zizi la ng'ombe, lililozungushiwa miti na miiba. Boma pia ni ofisi ya mkuu wa wilaya. Wajerumani walipojenga ngome yao Mkalama, wazee wetu waliiita boma, na jina hilo likabaki. Basi mtu akiyapokea maneno haya mawili bila kufikiri, atapata picha ya watu waliogeuzwa mifugo, ambao serikali huwafungia asubuhi na kuwafungulia itakapo.

Lakini sisi watu wa Singida ufugaji tunaujua, hatusimuliwi. Mtu akikabidhiwa ng'ombe wa wenyewe kuchunga, jioni husimama mlangoni mwa zizi, na mwenye mali huhesabu mmoja mmoja. Akipungua ndama, mchunga hutoa maelezo. Hawezi kusema, "Haya ni mambo ya machungani, wewe lete maziwa." Na hii ndiyo maana iliyo katika mafundisho mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) juu ya uchunga, kwamba kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, akiwemo kiongozi juu ya watu wake. Uzito wa mafundisho yale umewekwa juu ya mchunga aulizwaye. Wengi wetu tumeshika nusu ya kwanza, kwamba tunachungwa, tukaiacha nusu ya pili, kwamba mchunga huulizwa.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 8, imelifunga jambo hili vizuri zaidi. Inaeleza kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba serikali hupata madaraka yake kutoka kwao. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika shughuli za utawala wa nchi. Kwa hiyo raia wa Tanzania ni mchungwa na papo hapo ndiye mwenye mali. Anatii sheria, na jioni ana haki ya kusimama mlangoni ahesabu.

Njia iliyotufikisha hapa

Haki hii haikuwapo tangu mwanzo, na kutokuwapo kwake kumetuachia mazoea. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, na aliyekosa fedha alilipa kwa jasho lake. Mwaka 1926 Waingereza walitunga sheria ya utawala kwa kupitia watemi. Mtemi wa zamani alikuwa na wazee wake waliomshauri na kumzuia. Mtemi wa sheria mpya alikuwa na boma nyuma yake, akawa na sababu ndogo zaidi ya kuwaogopa watu wake. Mwanazuoni wa Uganda, Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 1996 ameeleza kwamba ukoloni uliigawa Afrika mafungu mawili: mjini waliishi wenye haki za uraia, na vijijini waliishi watawaliwa walioamriwa kwa jina la mila. Sisi wa vijijini tulikuwa katika fungu la pili.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1963 utawala wa watemi ukafutwa kisheria. Ilitazamiwa kwamba nafasi yao itachukuliwa na wananchi wenyewe. Lakini mwaka 1972 mabaraza ya serikali za mitaa yalivunjwa, na shughuli zao zikakabidhiwa kwa maofisa wa mikoa na wilaya. Mpango ule uliitwa wa kupeleka madaraka mikoani, na madaraka yalipelekwa kweli, ila waliyoyapokea walikuwa watumishi wa serikali kuu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Kufikia mwaka 1977 ilihesabiwa kwamba watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wakiishi katika vijiji zaidi ya 7,600. Mwalimu alikuwa na nia njema, naye alitaka shule, maji na zahanati ziwafikie watu waliotawanyika. Hilo tunamshuhudia. Hata hivyo wapo wazee wanaokumbuka jinsi watu walivyohamishwa na nyumba zao kubomolewa kabla hawajapata mahali pengine pa kulala. Kijiji kilichotakiwa kiwe chombo cha watu kujitawala, kwa wengi kilianza kwa kupakiwa kwenye lori.

Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi tena mwaka 1984, na mwaka 1998 ikatolewa sera ya kuzipa madaraka zaidi. Kwa hiyo sheria zimebadilika. Mazoea ndiyo hayajabadilika. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ambayo baba alihamishwa kwa amri na babu alitozwa kwa kiboko, hufundishwa tangu utotoni kwamba serikali ni kitu cha kukwepa ukiweza, na kunyenyekea usipoweza. Kuiuliza si katika mambo aliyofundishwa.

Nani anayelipa?

Wengine husema kwamba tangu kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003 mwanakijiji halipi kodi, hivyo hana la kudai. Kufutwa kwa kodi ile kulikuwa ni rehema, na hatutaki irudi. Walioishi wakati wake wanakumbuka watu wazima walivyokimbilia porini wakisikia mgambo wameingia kijijini. Lakini si kweli kwamba mwanakijiji halipi. Anunuapo sabuni ya dukani au vocha ya simu, ndani ya bei ile imo kodi ya ongezeko la thamani. Apandapo basi, hulipia pia ushuru uliomo katika mafuta ya basi lile. Auzapo alizeti zake, ushuru wa mazao hukatwa, na hata ukikatwa kwa mnunuzi, mnunuzi huurudisha kwa mkulima kwa kushusha bei ya gunia. Tofauti ni kwamba zamani kodi alitoa mkononi na akapewa stakabadhi, na sasa hutolewa pasipo yeye kuiona. Asiyeiona hudhani hajatoa.

Hapo ndipo linapozaliwa lile neno tunalolisikia kila siku, "fedha ya serikali". Darasa likijengwa husemwa kwamba kiongozi fulani ametuletea. Zahanati ikipata dawa, mwingine ametukumbuka. Mwaka 2021 nchi ilipokea mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabili athari za UVIKO-19, na kwa fedha hizo yakajengwa madarasa 15,000 nchini. Ni kazi njema, na watoto wetu wanasoma. Lakini ule ulikuwa mkopo, na utalipwa na Watanzania, pamoja na yule mama wa mtandio na wajukuu zake. Aliyekopewa kwa jina lake ana haki ya kujua bati zilinunuliwa ngapi.

Ibn Khaldun, mwanazuoni wetu aliyefariki mwaka 1406, aliyachunguza mambo haya miaka mingi kabla hayajaitwa elimu ya jamii. Alieleza kwamba dola ikiwa changa hutoza kidogo na hupata kingi, kwa sababu watu hufanya kazi kwa matumaini. Ikizeeka hutoza kingi na hupata kidogo, kwa sababu watu hukata tamaa na kuacha kujishughulisha. Alionya pia kwamba dhulma huharibu ustawi wa nchi. Tunalotaka msomaji alizingatie ni kwamba kodi ni mkataba wa matumaini. Mtu hutoa akiamini kwamba kitamrudia. Imani ile ikifa, michango huwa vita, na mtendaji hulazimika kutembea na mgambo.

Sheria inasemaje?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na kutolijua kwetu ndiko kunakotudhoofisha. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, na ndio wenye uwezo wa kuiondoa. Unapaswa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na wanawake wasipungue robo yao. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa. Mwenyekiti ni mchaguliwa. Wote wawili ni wachunga, na zizi si lao.

Katika ardhi sheria ni kali zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaiweka halmashauri ya kijiji katika nafasi ya mdhamini, aishikaye mali kwa niaba ya wenyewe. Hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa matumizi mengine na eneo halizidi hekta 250, uamuzi wa kukubali au kukataa ni wa mkutano mkuu. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri, lakini baada ya kuyazingatia maoni ya mkutano huo. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, na watatu miongoni mwao sharti wawe wanawake.

Sisi Waislamu neno mdhamini tunalijua kwa jina lake jingine, amana. Mtu aliyepewa amana haulizwi kwa sababu anashukiwa. Anaulizwa kwa sababu ameshika kisicho chake. Na wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema imeibiwa. Wamesema imepotea, na habari zake hazipo.

Kwa hiyo yule mama hakukosea mahali wala wakati. Alikuwa katika kikao chenye mamlaka ya juu kijijini, akauliza jambo ambalo kikao kile kipo kwa ajili yake. Mwenyekiti ndiye aliyesahau alikuwa mbele ya nani.

Hofu na visingizio

Hatutakuwa waadilifu tukiwalaumu wanakijiji peke yao. Ipo hofu, na hofu ina sababu zake. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48. Sheria imeweka masharti. Sharti pawe na kosa lililotendwa au amani iliyo hatarini kuvunjwa, na mtu afikishwe mahakamani au aachiwe. Lakini imeshuhudiwa nchini amri hiyo ikitumiwa kumkomesha mtumishi au mwananchi aliyejibu vibaya mkutanoni, hata viongozi wa juu wa serikali wenyewe wakalazimika kuonya dhidi ya matumizi hayo. Mwanakijiji asiyejua masharti ya sheria hujua jambo moja tu, kwamba anayeuliza anaweza kulala ndani.

Sababu ya pili ni uchaguzi. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa, na chama tawala kikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti vya vijiji. Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 vyama vilishiriki, malalamiko ya kuenguliwa yakarudi, na chama tawala kikatangazwa kupata zaidi ya asilimia 98. Sisi hatusemi hapa nani alistahili kushinda wapi. Tunasema kwamba mwenyekiti aliyepita bila kushindanishwa hana sababu kubwa ya kuwaogopa waliompitisha. Jicho lake hutazama juu, kwa waliompa fomu, na mgongo wake hutazama mkutano.

Na tuliyoyaona tarehe 29 Oktoba 2025 hayasahauliki. Siku ya uchaguzi mkuu iligeuka kuwa siku ya msiba. Vijana waliingia barabarani mijini, damu ya Watanzania ikamwagika, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na mtandao wa intaneti ukazimwa nchini. Mwezi uliofuata Rais alitangaza tume ya kuchunguza yaliyotokea. Tunawaombea marehemu rehema na wafiwa subira. Lakini tuna la kusema kama watu wa kijijini. Wengi wa vijana wa mijini ni watoto wa vijiji kama vyetu. Waliwahi kukaa pembeni ya mikutano yetu, wakaona mama zao wakichekwa. Mtu ambaye hajawahi kuona swali likijibiwa hujifunza kwamba maswali hayana kazi. Amani ambayo wote twaipenda hujengwa pale ambapo mtu huuliza saa nne asubuhi, akajibiwa saa nne na nusu, akaenda shambani kwake ameridhika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wapo watakaosema kwamba kuhoji viongozi ni fitina, na kwamba Muislamu anatakiwa atii. Ndugu zetu hawa tunawakumbusha habari mashuhuri ya Sayyidna Umar (R.A.). Alisimama juu ya mimbari naye amevaa vazi lililohitaji kitambaa kingi kuliko fungu alilopata kila mtu katika mgao. Akasimama mtu akasema hatutasikiliza mpaka tujue kitambaa kingine kimetoka wapi. Umar hakumwambia kwamba hayo ni mambo ya ofisi. Alimwita mwanawe Abdullah, akaeleza mbele ya watu kwamba fungu lake ndilo alilompa baba yake. Yule mtu akasema sasa sema, tutasikia na tutatii. Basi utiifu ulikuja baada ya hesabu, na hesabu haikumpunguzia Umar heshima yoyote. Ndiyo iliyomwongezea.

Wapo pia watakaosema kwamba mikutano ya kijiji haina maana, mambo yote huamuliwa juu. Tunawajibu kwamba mambo mengi huamuliwa juu kwa sababu chini hapana aliyekuja. Mkutano wenye watu arobaini katika kijiji cha watu maelfu humpa mtendaji ruhusa ya kuandika muhtasari apendavyo. Mkutano wenye watu mia nane, kila mmoja akiwa na stakabadhi yake mfukoni, hauandikiwi muhtasari wa uongo kwa urahisi.

Tufanye nini?

Kwanza, tuhudhurie. Misikiti yetu hutangaza maziko, harusi na maulidi. Ione pia kuwa ni wajibu kutangaza, baada ya swala ya Ijumaa, siku ya mkutano mkuu wa kijiji, na makanisa jirani zetu wafanye vivyo hivyo Jumapili. Kijiji ni cha wote, na bati za darasa hazina dini.

Pili, tudai taarifa ya mapato na matumizi isomwe kila miezi mitatu na ibandikwe kwenye mbao za matangazo, kwa maandishi yanayosomeka. Kila mchango uwe na stakabadhi. Mjumbe wa kamati ya ujenzi asione haya kuulizwa, wala muulizaji asione haya kuuliza. Kuuliza si ujinga.

Tatu, tusome sheria. Vijana wetu waliomaliza sekondari wanaweza kukaa na wazee jioni moja wakawasomea vifungu vichache vinavyohusu kijiji na ardhi yake. Mfano, mwaka 2017 serikali ilishusha ushuru wa mazao, ikafuta pia ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaovushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mkulima aliyelijua hilo alikuwa na neno la kumwambia mtu wa geti. Asiyelijua alilipa, na huenda hakupewa hata stakabadhi.

Nne, tuwe na adabu katika kuuliza. Haki haihitaji matusi. Yule mama alitupa mfano. Alisimama, akamtaja mwenyekiti kwa cheo chake, akaeleza kilichochangwa na kisichoonekana, akaomba kusomewa. Hakuna mtendaji mwadilifu anayeweza kuchukizwa na maneno yale, na asiye mwadilifu hana haki ya kuchukizwa.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, tusimwache muulizaji peke yake. Mtu mmoja akiuliza ni rahisi kumwita mkorofi. Wa pili akisimama na kusema, "Nami naomba kusomewa," mambo hubadilika. Wa tatu akisimama, mwenyekiti atamwambia mtendaji afungue daftari. Hapatakuwa na haja ya kelele wala ya gari la polisi kutoka Nduguti.

Tumesema mwanzoni kwamba kicheko kilitoka kwetu. Basi na marekebisho yaanze kwetu. Mkutano ujao utakuja, panapo majaaliwa, kabla ya mvua au baada ya mavuno. Yule mama huenda akaja, huenda asije, maana aliyechekwa mara moja huchagua kubaki na jembe lake. Tunawaomba walio jirani naye wampitie asubuhi wafuatane naye. Na akinyoosha mkono tena, pasiwe na atakayecheka. Awepo wa kusema, "Mwenyekiti, swali lake ni letu sote."